Mgonjwa wa Mashine Tatu

Mshonaji wa chini anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema alimpeleka baba mkwe wake kwenye zahanati ya kona, mzee ana kidonda cha mguu kisichotaka kufunga, na nesi aliyekuwa zamu alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Anasema kompyuta ikapiga kelele. Si kelele ya mchezo, anasema. Hata waliokaa kwenye benchi la nje waligeuza shingo. Nesi akabonyeza kitu ikanyamaza, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea na soga zake. Kisha akampa mzee vidonge, na maji ya kumezea akamtilia mwenyewe. Hawajafika nyumbani, midomo ya mzee ikaanza kujaa.

Midomo hiyo inakua kila anapoisimulia. Mara ya kwanza ilikuwa imevimba tu. Mara ya pili ikawa kama mto wa kiti. Leo asubuhi, nikiwa naanua nguo uani, ilikuwa imefika puani, na ulimi umetoka nje kama soli ya kiatu. Mshonaji husimulia huku pini ziko mdomoni. Anazichomoa mojamoja na kuzichomeka kwenye gauni la mtu zikiwa bado na mate, na kila mteja anayeingia anaanziwa hadithi upya. Mzee mwenyewe anakaa pembeni kwenye kiti chake, alichomwa sindano hospitali kubwa akapona, anakunywa chai, na hadithi ikifika mahali pa ulimi anautoa kidogo watu wauone.

Mimi simbishii. Midomo namwachia, fizi namwachia, hata ulimi. Ile kelele ndiyo inayonikaba. Mara ya kwanza aliposimulia haikuwepo. Na kompyuta ya zahanati ya kona haipigi kelele. Nalijua hilo kwa sababu programu iliyomo ndani yake inatengenezwa hapa kwetu ghorofani, kwenye chumba ninachokifagia mimi.

Naishi kwa dada yangu. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa programu za kompyuta, na hii ya zahanati ndiyo inayotulisha. Nesi anaandika jina la mgonjwa, ugonjwa wake, dawa anazopewa na dawa zinazomdhuru. Zahanati nyingi zinaitumia, na hospitali kadhaa. Kazi yangu mwanzoni ilikuwa kufagia na kuosha vikombe. Shemeji anakunywa chai ya maziwa siku nzima na haimalizi. Inapoa, inafunga utando juu, naye anautoa ule utando kwa kidole na kuupaka chini ya ukingo wa meza, huku macho yako kwenye kioo cha kompyuta. Hajui hata kama anafanya hivyo. Mimi ndiye ninayepiga magoti na kisu kuukwangua. Siku ya kwanza nilidhani ni gundi ya fundi seremala. Nilipojua ni nini nilikwenda uani nikakaa kidogo.

Baadaye aligundua kwamba mimi sichoki kurudia jambo moja. Watu waliosoma wanachoka upesi, alisema, wanaanza kubonyeza huku mawazo yako kwenye mshahara. Wewe, shem, ukiambiwa bonyeza unabonyeza. Nikapewa kiti. Kazi ikawa kuijaribu programu kabla haijatoka.

Nilivyoelezwa ni hivi. Kila programu inasimama juu ya kitu wanachokiita kiunzi, yaani kazi ambazo watu wengine wameshazitengeneza, fundi anaziita tu zije zimsaidie. Kiunzi kina matoleo, la zamani, la kati, jipya. Zahanati zisizo na uwezo zina kompyuta kuukuu zinazokubali toleo la zamani tu. Hospitali kubwa zina jipya. Shemeji haandiki programu tatu. Anaandika moja, halafu anaikompaili mara tatu, kila mara kwa toleo lake. Kukompaili ni pale maandishi yake yanapogeuzwa kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukifanyia kazi. Maandishi mamoja, programu tatu. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia harusi yake. Dada ndiye aliyesema hivyo, si mimi.

Kwa hiyo chumbani kuna mashine tatu za kujaribia, na mimi ndiye niliyezipa majina. Bibi ni ile ya zamani, kubwa, nzito, rangi yake ilikuwa nyeupe ikageuka kuwa ya meno yasiyopigwa mswaki. Akipata moto ananuka vumbi linaloungua, na ndani yake kuna mende waliozaliwa humo wakazeekea humo. Nimewapulizia dawa, wanapiga chafya wanaendelea. Mama ni wa toleo la kati. Binti ni mpya, mwembamba, hajawahi kuguswa na mkono wenye mafuta isipokuwa wa shemeji.

Na kuna Bwana Vipele. Huyo si mtu. Ni mgonjwa wa kutunga tuliyemweka ndani ya programu kwa majaribio, mwenye umri wa kobe na uzito wa mtoto mchanga, kwa sababu shemeji alikuwa na furaha siku alipomjaza. Bwana Vipele anadhuriwa na penisilini. Kila programu mpya ikikompailiwa, mimi nakaa kwa Bibi, nakaa kwa Mama, nakaa kwa Binti, na kote namwandikia Bwana Vipele penisilini. Lazima boksi jekundu liruke katikati ya kioo na mashine ilie. Ikilia, amepona. Shemeji akimaliza kazi alikuwa anauliza bila kugeuka, Bwana Vipele kapona? Nami najibu, kapona kwa Bibi, kapona kwa Mama, kapona kwa Binti. Dada naye huko jikoni anaitikia, poleni na kuuguza. Hapo ndipo programu inatoka nyumbani. Bila maneno hayo ilikuwa haitoki.

Miezi michache nyuma shemeji aliliandika upya lile onyo. Kusema haki alifanya kazi nzuri. La zamani lilikuwa linatambua dawa kwa jina lake tu. Hili jipya linatambua na ndugu zake, kwa maana dawa moja inauzwa kwa majina mengi, na nesi hawezi kuyajua yote. Lakini ili kufanya hivyo liliita kitu kilichomo kwenye kiunzi kipya, na kiunzi cha zamani hakina kitu hicho. Mama alikubali. Binti alikubali. Bibi akakataa kukompaili, kioo kikajaa mistari myekundu.

Siku hiyo mwenye kampuni, ambaye humu ndani tunamwita Mkubwa, alikuwa anapiga simu kila baada ya muda mfupi. Shemeji humweka kwenye spika ili mikono ibaki huru kujikuna, maana akibanwa hujikuna kichwa, na mba zinaanguka kati ya vitufe, na mwenye brashi ya kuzitoa ni mimi. Mkubwa hakuuliza kuna nini. Alisema wateja wanangoja, anataka kuona kijani, yaani imekubali, kwenye matoleo yote matatu kabla hajatoka kwenda kula.

Shemeji akajenga uzio. Ndivyo alivyouita. Akakizungushia kile kipande cha onyo maneno yanayosema, ukikompaili kwa toleo la zamani, kipande hiki kiruke. Onyo la zamani alikuwa ameshalifuta. Kwa hiyo Bibi hakupata jipya wala hakubaki na la zamani. Alipata shimo. Akakompaili vizuri sana, kijani tupu.

Nilikaa kwa Bibi kama kawaida. Nikamwandikia Bwana Vipele penisilini. Hakikuruka kitu. Hapakulia kitu. Yakaja maandishi madogo ya kijani, Dawa imehifadhiwa, Asante. Ile asante ndiyo iliyonichefua.

Nikamwambia, shemeji, Bwana Vipele amekufa kwa Bibi. Akacheka. Akasema Bibi mwenyewe mguu mmoja uko kaburini, waache wafuatane. Halafu alipoona sicheki akasema hilo ni jambo la siku mbili tatu, presha ikipungua atawarudishia wa zamani onyo lao. Akamwondoa Bibi kwenye jaribio lile. Tangu siku hiyo akiuliza Bwana Vipele kapona, anataka jibu la Mama na Binti tu.

Nilimkumbusha wiki ile. Nikamkumbusha wiki nyingine. Mwanzoni alikuwa anajibu kwa mzaha, baadaye kwa kuguna, mwisho akawa anavaa vile vitu vya masikioni akiniona nakuja na ufagio. Nilipozidi, dada aliniita jikoni akaniambia nimwache mume wake apumue. Na vikombe vikawa vinawekwa juu ya Bibi, vinaacha miduara ya kahawia inayonata.

Kompyuta ya zahanati ya kona ni ndugu yake Bibi. Zilinunuliwa duka moja, kwa mtu yuleyule wa vitu vilivyotumika.

Sasa, habari za mzee kuvimba zilipofika kwa Mkubwa, alipiga simu. Ilikuwa juzi, nami nilikuwa chini ya meza na kisu changu. Akasema wenye zahanati wameuliza kama programu ilitoa onyo. Amewajibu kwamba ilitoa, kwamba mashine ililia na nesi akaipuuza. Akauliza, niko sawa? Niliona miguu ya shemeji inakunjana, vidole vya mguu mmoja vinakwaruza kisigino cha mwingine, gamba linadondoka sakafuni niliyotoka kuifagia. Akasema, "Uko sawa, bosi."

Mkubwa akasema safi. Akasema watamfukuza nesi kwenye kikao cha keshokutwa mchana, na watazijulisha zahanati nyingine zisimchukue. Kisha akaingiza habari ya gari lake, wakacheka.

Jana msimamizi wa zahanati alikuja kumtuliza mshonaji, akamhakikishia kwamba kosa ni la nesi, mashine ilipiga kelele akaizima. Leo mshonaji ameiona kelele kwa macho yake. Neno limetoka kinywani mwa Mkubwa, shemeji amelipa ndiyo, limekwenda zahanati, limerudi uani kwetu limeoga na kuvaa, nami naanua nguo katikati yake. Nilitamani nizifue tena.

Nesi mwenyewe alikuja asubuhi hiyohiyo, kabla sijamaliza kukunja. Nilikuwa namfahamu kwa sura. Ndiye aliyenitoa kijiti cha mti kwenye kiganja mwaka jana, huku ananitania kwamba nimepanda msitu. Leo hakuwa na sare. Alisimama mbele ya cherehani na mfuko wa matunda, akamsalimia mzee shikamoo, akamwambia mshonaji amekuja kumjulia hali baba.

Mshonaji alichomoa pini za mdomoni zote kwa pamoja. Akamuuliza amekuja kumalizia? Akawauliza wateja wake kama wamewahi kuona mchinjaji anayemrudia kuku kumpa pole. Watu wakacheka, mmoja akafunika mdomo kwa kitambaa alicholeta kushonewa. Akaupokea mfuko wa matunda, akauweka chini ya cherehani, akaendelea kumtukana. Mzee alisema, mwache binti wa watu, lakini alisema huku anachungulia kwenye mfuko.

Nesi aliuliza tu mlango wa fundi wa programu ni upi. Mshonaji akanyoosha mkasi juu kwetu. Nikachukua kapu langu nikampandisha.

Shemeji alikuwa ameisikia vurugu. Najua, kwa sababu dirisha lililokuwa wazi wakati naondoka nililikuta limefungwa, na chumba kimejaa joto la mashine na harufu ya soksi. Alipomwona nesi alisimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa mgeni. Akamfutia kiti kwa mkono wa shati, akamwambia karibu, dada yangu, akaniambia niweke chai.

Jikoni kwetu ni pazia tu. Niliteleka maji nikabaki nimesimama palepale.

"Kaka, sijaja kugombana," nesi alisema. "Kikao changu ni leo saa nane. Nataka kujua kitu kimoja, nikipata jibu naondoka."

Akaeleza polepole. Alimuuliza mzee kama kuna dawa inayomdhuru, mzee akasema mpe tu mwanangu, mimi nakula zote. Akamgeukia mkwewe amuulize, mkwewe yuko kwenye simu, akampungia mkono aendelee. Hakumlaumu, alisema, watu wanachoka kungoja. Yeye mwenyewe alikuwa anaunganisha zamu mbili. Akaandika dawa. Akangoja kidogo, kwa sababu zamani ukimwandikia mgonjwa dawa isiyomfaa boksi jekundu lilikuwa linaruka, na kwenye faili la mzee dawa inayomdhuru imeandikwa. Boksi halikuruka. Akampa.

"Sasa wananiambia liliruka, likalia, nikalizima. Wamesema mara nyingi mpaka najishuku. Usiku nalisikia linalia. Naomba uniambie wewe uliyelitengeneza. Kwenye kompyuta yetu linatokea au halitokei?"

Nilishika pazia. Nikasema moyoni, sasa atasema. Ni neno moja tu, na liko mdomoni mwake, hata kwa nyuma naona taya linavyocheza.

"Programu ni moja," shemeji alisema. Sauti yake ilikuwa laini, ile anayoitumia dada akiwa mgonjwa. "Sina ya zahanati na ya hospitali. Maandishi ni yaleyale kwa wote. Njoo uone mwenyewe."

Akawasha Binti. Akamfungua Bwana Vipele. Mgonjwa wetu, ambaye tumemuuguza humu ndani mimi na yeye na dada jikoni, akamtoa kama mtu anayetoa kitambulisho. Akamwandikia penisilini. Boksi jekundu likaruka, Binti akalia kwa nguvu, na shemeji akaacha alie muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Umesikia?" akamuuliza. "Hiyo ndiyo programu yenu."

Nesi alikitazama kioo. Uso wake ulishuka, kama mtu aliyepewa mzigo akagundua hawezi kuutua.

Nikatoka nyuma ya pazia bila chai. Nikasema, shemeji, si tumwonyeshe na kwa Bibi?

Hakugeuka. Akasema Bibi ni mbovu, shem, angalia maji yasichemke yakaisha. Nesi akauliza Bibi ni nani. Shemeji akacheka, akamwonyesha kwa kidevu: kompyuta ya zamani ile, tunawekea vikombe. Na kweli palikuwa na vikombe viwili juu yake, kimoja kimeota ukungu wa kijani.

"Basi labda lilitokea," nesi alisema. "Nilikuwa nimechoka. Labda nililizima mwenyewe."

"Inatokea, dada yangu. Binadamu ni binadamu."

Kisha akampa ushauri. Akamwambia kwenye kikao asibishane. Akiri tu kwamba lilitokea, hakuliona vizuri, aombe msamaha. Watu wanapenda mtu anayekiri, watamwonea huruma. Alikuwa anamwegemea kidogo, mikono imekutana kama ya mtu anayeomba dua, na kwenye kidole kile kimoja utando wa chai umekauka mpaka kwenye kiungo.

Nesi akamshukuru. Akamwambia Mungu akubariki, kaka, umenitoa kwenye mawazo.

Shemeji akasema, "Amina."

Nesi alipofika ngazini nikasema tena, safari hii kwa sauti, kwamba Bibi si mbovu. Shemeji alikuwa ameshafunga mlango. Nikaenda kwa Bibi, nikaviondoa vikombe. Kimoja kilikuwa kimegandana naye, kikatoka na sauti ya kubanduka. Nikamwasha.

Bibi haamki haraka. Alinguruma, akatoa ile harufu yake, na mende mmoja akaanguka kutoka tumboni mwake, akalala chali mezani miguu inapiga hewa. Dada alikuwa ametoka chumbani, amesimama mlangoni na khanga begani, anauliza kuna nini na mgeni alikuwa nani. Shemeji aliniambia nizime. Aliniambia mara ya pili. Sikubishana naye, nilimfungua tu Bwana Vipele nikamwandikia penisilini, na nikasogea ili dada aone kioo.

Dawa imehifadhiwa. Asante.

Dada anaijua kazi hii. Ameitikia poleni na kuuguza miaka yote hiyo. Alisoma, akamtazama mumewe, akaitazama tena ile asante. Nilimwona ameelewa. Akavuta khanga puani.

"Izime hiyo mashine," aliniambia. "Inanuka."

Shemeji akaanza kueleza, na alikuwa anamweleza yeye, si mimi. Ataliweka onyo la zamani nyuma ya uzio, wiki hii hii, ni kazi ndogo. Zahanati zote zenye kompyuta kama Bibi zitapata, na hakuna atakayejua kwamba lilikuwa halipo. Hakuna mgonjwa mwingine atakayevimba. Sasa wanataka nini zaidi? Dada akasema, umeona, atarekebisha. Alilisema haraka kama mtu anayefunika sufuria.

Nikamuuliza shemeji, na nesi?

Akasema nesi atapata kazi kwingine. Nikamkumbusha kwamba Mkubwa alisema hatapata, alisema kwenye spika, tulikuwa wote humu. Akasema, wewe ulikuwa chini ya meza. Nikasema ndiyo, nilikuwa chini ya meza.

Hilo lilimchoma, sijui kwa nini hilo na si mengine. Akaniambia nimetoka shule ya msingi nikaja kukaa kwake, nakula kwake, akanipa kiti mbele ya mashine na sasa nimeota pembe. Nataka wote tukale mawe? Najua Mkubwa atafanya nini akisikia? Nimekuja kumfundisha kazi?

"Sikufundishi, shemeji. Wewe unajua kuliko mimi. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Chumba kilikuwa na joto la kunata. Nikaenda kufungua dirisha, na sauti ya nesi ikaingia kutoka uani. Alikuwa amerudi mbele ya cherehani. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema wazi, ili watu wote wasikie, kama mtu anayejifunza maneno atakayoyasema saa nane.

"Ni kweli, mama. Ilipiga kelele. Niliizima mimi. Naomba mnisamehe, na baba anisamehe."

Cherehani ilinyamaza. Nilimwona mshonaji anamtazama nesi, pini mkononi, na nadhani kwa muda mfupi alikumbuka alichokiona siku ile na alichokisikia, na mkono wake mwenyewe ukipunga. Halafu akawageukia wateja.

"Si niliwaambia," akasema. "Nilikuwepo mimi."

Mzee akatoa ulimi.

Ningeweza kushuka mimi. Lakini kikao hakitamsikiliza mtu wa kubonyeza. Kinamtaka aliyeandika programu, naye alikuwa hatua chache nyuma yangu, kwenye kiti chake, na dirisha sasa liko wazi. Sauti ya kawaida tu ingefika chini. Hata kuinuka hakuhitaji.

"Shemeji," nikasema, "bado yuko uani, anafunga kamba ya kiatu. Mwite. Mwambie kwa mdomo wako, halafu nenda naye saa nane."

Dada alikuwa ameinamisha macho. Bibi alikuwa bado ananguruma, asante yake iko palepale katikati ya kioo. Shemeji alivuta kikombe, akatia kidole, akauinua ule utando, akaupitisha chini ya ukingo wa meza.

"Shemeji, tafadhali. Ameanza kwenda."